Naomba ushauri: nafuatilia ukoo wa askari wa Mjerumani

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Baba wa babu yangu, Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa askari wa Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wanasema alitembea na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, mpaka Abercorn, sasa Mbala, Zambia, lilikosalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918. Aliporudi alioa upya. Watoto wa kabla ya vita hatuwajui, na hilo linaniuma sana, maana ni damu yetu.

Tunalo jina lake moja tu, bila la ukoo wala namba ya kikosi.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao, na malipo yakafanyika Mwanza. Bibi anakumbuka mzee alisafiri kwenda huko. Je, orodha za waliolipwa zipo wapi? Nianzie Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwenye mafaili ya enzi ya Mjerumani, au niandikie moja kwa moja Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ujerumani), Berlin? Na mwandiko ule wa Kijerumani cha zamani, nani anaweza kunisaidia kuusoma?