Nguo chache za ofisini na mtaani, nianze na zipi?

DadaMwanga: Wakuu, naanza kazi ya ofisini hapa Kigoma na kabati limejaa magauni ya sherehe. Nataka nguo chache za mtumba zinazoingiliana. Nianze na zipi?

FundiUjiji: Anza na za chini, dada: suruali ya kadeti nyeusi na sketi ya bluu iliyokolea, ivuke goti. Blauzi nne zisizo na maua. Hapo una mavazi manane. Mtumba ukague juani, si ndani ya kibanda. Angalia kwapani, maana manjano ya jasho la zamani hayatoki kirahisi. Vuta mshono wa katikati ya mapaja, ndio unaotangulia kuachia. Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Kiuno kikizidi kinapunguzwa kirahisi, ila mabega yakizidi achana nayo: kufumua mikono kutakugharimu kuliko blauzi yenyewe.

MamaVitenge: Ongeza kitenge kimoja. Pisi ya yadi 6 inatoa gauni la kawaida na sketi. Kifue kabla ya kumpa fundi; pamba hurudi, na gauni likirudi baada ya kushonwa hubana kifuani. Sugua pembe kwa kitambaa cheupe kibichi: kikishika rangi, usifue kitenge na nyeupe.

DadaMwanga: Nyeupe na vumbi la kiangazi je?

FundiUjiji: Moja tu, dada. Nyingine chukua krimu, kijivu na kijani cha jani kavu.