Mama ameambiwa apasuliwe goti: je, tutafute maoni ya daktari wa pili?

Binti wa Pangani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mama yangu ana umri wa miaka 61, na kwa miaka minne sasa goti lake la kulia linamsumbua. Mwanzoni lilimuuma akipanda ngazi tu au akiinuka baada ya kusujudu, lakini tangu mfungo uliopita anaswali akiwa ameketi kwenye kiti, na asubuhi hukaa kitandani kwa muda akiukunja na kuukunjua mguu kabla ya kuukanyagia. Mwezi uliopita tulimpeleka kwenye hospitali moja ya binafsi, akapigwa eksirei, kisha tukaagizwa tukapige MRI, yaani kipimo cha picha za ndani ya mwili kinachotumia sumaku. Daktari alipoisoma ripoti alisema kwamba meniskasi imechanika na kwamba goti limekwisha ute, kwa hiyo inafaa afanyiwe upasuaji wa matundu madogo ili lisafishwe, na akatupangia tarehe baada ya wiki mbili. Gharama tuliyotajiwa ni shilingi milioni 3 na nusu, na bima yake hailipi yote.

Mama amekwisha kukubali, kwa sababu kwake neno la daktari halijadiliwi. Kaka yangu mkubwa anasema kwamba kumtafuta daktari mwingine ni kumvunjia heshima huyu wa kwanza, na kwamba tukilazimika kurudi kwake tutakuwa tumejiharibia. Mimi ndiye ninayesita. Simdhanii daktari ubaya wowote, ila alizungumza nasi kwa dakika chache, hakumlaza Mama kitandani wala kulishika goti lenyewe, akaitazama ripoti peke yake. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: je, katika hali hii ni sahihi kutafuta maoni ya pili, na tukiamua hivyo, tumwambie nini daktari wa kwanza ili atupatie picha zetu kwa amani?

Mstaafu wa Same

Marahaba, binti yangu. Mimi nilitibiwa goti la kushoto kwa karibu mwaka mzima, nikachomwa sindano mbili ndani ya goti hilo, na nilikuwa nimekwisha kuzungumziwa habari za upasuaji, hadi mpwa wangu aliposisitiza nionwe na daktari mwingine. Huyo wa pili hakuanza na picha. Alinilaza chali, akaukunja mguu na kuuzungusha kwa ndani taratibu, nami nikapiga kelele kwa maumivu yaliyotokea kwenye kinena. Alinieleza kwamba ugonjwa wa nyonga mara nyingi husikika gotini, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga ndiyo inayoshuka hadi kwenye goti. Eksirei ya nyonga ikathibitisha maneno yake, na mwaka 2019 nikabadilishiwa nyonga. Leo natembea hadi shambani na kurudi.

Sisemi kwamba Mama yako ana tatizo kama langu. Ninachokuomba ni kwamba asiingie chumba cha upasuaji kabla hajapatikana mtu wa kumlaza kitandani na kumpima mguu mzima, kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo.

Daktari wa Mifupa

Dada, mimi ni daktari wa mifupa na nafanya upasuaji wa magoti. Siwezi kutoa uamuzi juu ya goti ambalo sijaligusa, lakini katika maelezo yako yapo mambo yanayonifanya niseme bila kusita kwamba mtafuteni daktari wa pili kabla ya tarehe mliyopangiwa.

Nianze na hiyo meniskasi. Ni gegedu lenye umbo la mwezi mchanga, yapo mawili katika kila goti, na kazi yake ni kupokea uzito kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kijana akiumia uwanjani, mchaniko wa meniskasi ni jeraha linaloweza kuhitaji kushonwa. Kwa mtu wa umri wa Mama, mara nyingi ni uchakavu unaokwenda pamoja na kusagika kwa goti zima, kama vile ukindu wa mkeka wa zamani unavyokatika wenyewe bila mtu kuuchana. Kwa hiyo MRI ya mtu mwenye umri huo ikionyesha mchaniko, haijathibitisha bado kwamba mchaniko ndio chanzo cha maumivu. Utafiti uliofanyika katika mji wa Framingham nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wa makamo na wazee waliokutwa na meniskasi zilizochanika, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala kukakamaa kwa goti katika mwezi uliotangulia.

Kuhusu kusafisha goti, swali hili limepimwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika: wengine walisafishwa goti, wengine walioshwa kwa maji tu ndani ya kiungo, na wengine walichanjwa ngozi kisha wakafungwa bendeji bila kuguswa ndani, wala hawakujua wamefanyiwa lipi. Wakafuatiliwa kwa miaka miwili, na waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuwazidi waliochanjwa ngozi. Mwaka 2013 madaktari wa Finland nao wakachapisha utafiti wa wagonjwa 146 wenye meniskasi iliyochanika kwa uchakavu, na baada ya mwaka mmoja wakaona vivyo hivyo. Kutokana na ushahidi wa namna hii, jopo la kimataifa lilitoa mwongozo mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ, likishauri kwa uzito kwamba upasuaji huu usifanywe kwa karibu wagonjwa wote wenye magoti yaliyochakaa. Goti lililokwama kabisa lisiweze kunyooshwa ni habari nyingine, na ndiyo maana ni lazima lishikwe na kupimwa kwa mikono.

Msitishwe pia na kauli ya kwamba ute umekwisha. Twaitumia sana kliniki ili mgonjwa atuelewe, nami nimeitumia, lakini inapotosha. Goti lililosagika mara nyingi hujaa maji kuliko kawaida, na kinachokwisha ni gegedu linalofunika ncha za mifupa.

Ninachotaka kujua mimi ni kama eksirei ya Mama ilipigwa akiwa amesimama. Akipigwa amelala, mifupa haibebi uzito, na nafasi kati yake inaweza kuonekana pana kuliko ilivyo. Eksirei ya kusimama ni ya bei ndogo, na kwa umri wake inaweza kutueleza mengi kuliko MRI. Ikionyesha gegedu bado lipo kwa kiasi, atahitaji mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja chini ya mtaalamu wa fiziotherapia kwa majuma yasiyopungua 6 hadi 12, mkongojo ushikwe kwa mkono wa kushoto kwa kuwa anaumwa mguu wa kulia, na kama ni mnene apunguze mwili, kwani kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Ikionyesha mfupa umekutana na mfupa, na hayo yote yakishindwa kumpa nafuu, basi mazungumzo yawe juu ya goti bandia. Huo ni upasuaji mkubwa, lakini una mafanikio: takwimu zilizokusanywa kutoka nchi zenye rejesta za viungo bandia zinaonyesha kwamba takriban magoti 8 kati ya 10 hudumu miaka 25. Katika hali zote mbili, sioni mahali ambapo kusafisha goti kunamfaa.

Ninaongeza jambo moja kwa ajili ya wengine wanaosoma. Maoni ya pili ni kwa upasuaji unaoweza kusubiri. Mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi, kiungo chenye usaha, mzee aliyevunjika nyonga, au mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye ghafla amepata ganzi sehemu za siri na kushindwa kukojoa, hao wasizungushwe kutoka hospitali moja hadi nyingine.

Nesi wa Mombasa

Dadangu, kuhusu swali lako la pili, ondoa hofu. Tamko la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, ambalo lilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1981 na kurekebishwa baadaye, linasema wazi kwamba mgonjwa ana haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine katika hatua yoyote. Nimefanya kazi vyumba vya upasuaji miaka mingi, na madaktari ninaowaheshimu zaidi ndio wanaoandika barua ya muhtasari wenyewe pale mgonjwa anapoomba kuonwa kwingine.

Nenda na Mama, na ikiwezekana kaka yako awepo, mseme hivi: "Daktari, tunakushukuru kwa ulipotufikisha. Kabla ya kukubaliana kama familia, tungependa picha hizi zionwe na daktari mwingine. Tunaomba nakala ya eksirei, CD ya MRI, na muhtasari wako." Msitosheke na karatasi ya ripoti, kwa sababu ripoti ni maoni ya aliyeisoma picha, na daktari wa pili anahitaji kuitazama picha yenyewe kwa macho yake. Huyo wa pili asiwe mwenzake wa kliniki ileile. Tena mwacheni kwanza amsikilize Mama na kumpima, ndipo mmweleze ushauri mliopewa, ili fikra zake zisitangulie kuelekezwa.

Binti wa Pangani

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimemsomea Mama majibu haya jana baada ya magharibi, na lililomgusa ni la yule mzee wa Same, akaniambia, "Kumbe hata mimi hajanigusa." Kaka naye amelegeza msimamo aliposikia kwamba tutamwendea daktari wa kwanza kwa adabu na hatutamkimbia. Tumeahirisha tarehe, na tumeamua kumpeleka hospitali ya KCMC, Moshi, kwa kuwa tuna shangazi huko atakayetupokea.

Limebaki moja. Jirani yetu mwenye duka la dawa anasema Mama achomwe sindano ya goti wiki hii ili apate nafuu ya safari. Je, achomwe?

Daktari wa Mifupa

Asichomwe kwa sasa, dada, na kamwe asichomwe dukani. Sindano ya goti lazima ichomwe na aliyefunzwa, kwa usafi kamili, kwa sababu kijidudu kikiingia ndani ya kiungo chaweza kukiharibu kwa siku chache. Zaidi ya hayo, sindano ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ikichomwa, goti bandia haliwekwi hadi ipite miezi mitatu hivi, maana kabla ya hapo hatari ya usaha huongezeka. Akitumia sindano wiki hii, atakuwa amemfungia daktari wa Moshi njia mojawapo kabla hata hajamwona.

Kwa safari, kama hana ugonjwa wa ini, apewe parasetamo kwa kipimo cha kawaida, akae kiti cha kando ya njia ili aweze kuunyoosha mguu, na basi likisimama ashuke atembee kidogo. Mwandikeni kwenye karatasi dawa zote anazotumia, hasa za presha na sukari, na mweke CD mkobani mwake, isiwekwe kwenye buti la basi.