Picha za tingatinga zanata zikisokotwa, nyingine zimeota ukungu nyuma

duka_la_picha: Assalaam alaykum wadau. Duka letu la familia lipo Mji Mkongwe, twauza picha, makasha na vitu vya zamani. Masika haya picha za ukuta wa ndani zimeota ukungu mgongoni. Na picha za tingatinga (zile za rangi ya mafuta ya kopo) tulizosokota ziwe bomba, gazeti katikati, zimegandana, gazeti limebaki juu ya rangi. Ukigusa zilikuwa kavu kabisa. Tunakosea wapi?

fundi_fremu: Wa alaykum salaam. Ukavu wa kugusa haukutoshi. Rangi ya mafuta ya kopo hukauka kwa kunywa hewa, ikianzia juu: ngozi inafunga, chini bado laini. Penye tabaka nene, kama madoa ya chui, ipe wiki nne hadi sita, masika zaidi. Bonyeza ukucha hapo; ukiacha alama, usisokote.

Ikiwa tayari, sokota uso ukiwa nje. Ukiwa ndani rangi inabanwa, inafanya makunyanzi. Bomba liwe na upana wa sentimita 10 au zaidi, na katikati tia karatasi ya kuokea, ile isiyonata. Gazeti hapana, wino wake unahamia.

Zilizogandana msizivute kwenye joto. Zitieni friji (si friza) saa moja au mbili rangi ikaze, kisha mfungue taratibu. Gazeti lililobaki lirowanishe kwa kitambaa chenye maji kidogo, subiri dakika tano, sugua kwa ncha ya kidole litoke vinyuzivinyuzi. Nyuma pasirowe. Petroli na tapentaini zisikaribie.

chokaa_na_mawe: Huo ukungu mie naulaumu ukuta. Mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukipiga plasta ya saruji au rangi ya plastiki, unyevu unatafuta upenyo, na nyuma ya picha hakuna hewa ya kuukausha. Unga mweupe wa chumvi ukutani ndiyo dalili. Dawa ni kubandua saruji na kupiga chokaa iliyolowekwa si chini ya miezi mitatu, moja kwa mchanga tatu. Mchanga wa pwani uoshwe kwanza kwa maji matamu.

Kwa sasa gundisheni vipande vya mbao vya sentimita 2 pembe nne za fremu, hewa ipite. Ukungu piga brashi laini, kavu, nje ya nyumba, umevaa barakoa. Jiki inaozesha kitambaa.

duka_la_picha: Ahsanteni. Tukipaka vanishi mgongoni je?

fundi_fremu: La. Unyevu utafungiwa ndani.

njumu: Kwa makasha: msing'arishe njumu (mapambo ya shaba yaliyopigiliwa) kwa limau, asidi inabaki kwenye mbao na kuzunguka misumari panaota kijani. Kitambaa kikavu chatosha. Mgeni akitaka kusafirisha kasha la kale au mlango, kibali cha mambo ya kale kitangulie pesa. La kisasa liandikeni "jipya" kwenye risiti. Vitana vya ng'amba (magamba ya kasa) na pembe za ndovu msimuuzie msafiri, hata viwe vya enzi za babu. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, umebana biashara yake, na forodha ya kwao itavikamata.