Mjadala: Wanafunzi wa gitaa waanze na tablatura au nota?

MwalimuGitaa_Moro
Wadau wa muziki, habari za jioni. Nafundisha gitaa vijana wa sekondari. Mzazi mmoja, mpiga kinanda wa kanisani, kanijia juu kwamba nawaharibia watoto kwa kuwapa tablatura badala ya nota. Kwa wasiojua: tablatura ni mistari sita, kila mstari ni uzi mmoja wa gitaa, na namba iliyokaa juu ya mstari inakuambia ubonyeze freti (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya ngapi. Nota ndiyo ile mistari mitano ya kinanda na kwaya. Msimamo wangu ni kwamba mtoto apige kwanza, kusoma kutafuata. Nikimpa tablatura Jumamosi, Jumapili mama yake anasikia kitu kinapigwa sebuleni. Anayepinga alete hoja.

Kinubi
Mwalimu, mzazi yuko sahihi. Tablatura inamwonesha pa kuweka kidole, haimwambii anapiga sauti gani. Siku kijana wako akikaa na mpuliza saksafoni wataelewana kwa lugha ipi? Chukua ile sauti ya uzi wa kwanza ukiwa wazi, mi ya juu. Utaipata pia uzi wa pili freti ya 5, na uzi wa tatu freti ya 9. Kwenye tablatura hizo ni namba tatu tofauti kabisa, mtoto hajui kwamba ni sauti ileile. Hii ni njia ya mkato iliyoletwa na intaneti kwa watu wavivu.

NyuziKumiNaTatu
"Iliyoletwa na intaneti"? Ndugu Kinubi, mwaka 1507 kule Venice, mchapaji Petrucci alichapa kitabu cha Francesco Spinacino cha muziki wa luti, yaani udi wa Ulaya wenye freti za utumbo zilizofungwa shingoni, na chote ni tablatura. Ndani yake kuna maelekezo maalumu kwa wasiojua kusoma nota za kuimba. Waitaliano waliandika kwa namba, Wafaransa kwa herufi: *a* ni uzi wazi, *b* freti ya kwanza. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo yule wa darubini, mwaka 1568 alitoa kitabu kizima cha kufundisha namna ya kuhamishia nyimbo kwenye tablatura. Hao nao wavivu?

Kinubi
Na wenyewe waliiacha. Ulipofika mwanzo wa karne ya 19 wapiga gitaa kina Sor na Giuliani wanaandika gitaa kwa mistari mitano, na ndivyo gitaa la klasiki linavyosomwa mpaka leo. Bach, mtunzi wa Kijerumani, kazi zake za luti aliziandika kwa nota.

NyuziKumiNaTatu
Bach hakuwa mpiga luti wa kazi! Aliyekuwa mpiga luti hasa ni Weiss wa kasri la Dresden, na huyo muziki wake umetufikia kwa tablatura. Tena hiyo suti (mfululizo wa vipande vya muziki) ya Bach yenye namba BWV 995, mkono wake uliandika nota, kisha mpigaji wa zama hizo akaihamishia kwenye tablatura ili ipigike. Nakala iko Leipzig.

Mkunazini
Assalaam alaykum. Naona mnasema luti, udi, luti, udi, kama kwamba ni kitu kimoja. Udi wetu hauna freti. Hiyo namba mtaiandika ya nini? Bayati, mmojawapo wa mipangilio yetu ya sauti, ina sauti inayokaa katikati ya mi na mi iliyoshushwa, unaitafuta kwa sikio na kwa mwalimu aliye mbele yako. Waarabu wameongeza alama ya nusu kushusha kwenye mistari mitano, na hapa Unguja, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kinafundisha udi na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) pamoja na kusoma nota. Lakini hata mwenye karatasi hukaa na maalim wake mpaka mkono ukubali.

SautiYaNne
Mimi nimekwama kwenye "mpiga kinanda wa kanisani". Kwa nini kila akitajwa mtu wa kanisani anakuwa mkorofi? Sisi ndio tuliofundisha nchi hii kusoma muziki. Kwaya ya kijijini, bila kinanda wala umeme, inaimba sauti nne kwa solfa tu: d, r, m, f, s. Mwiteni huyo mzazi hapa ajieleze.

Kinubi
Solfa nayo ni kama tablatura, gongo la kutembelea. Ukibadilisha ufunguo katikati ya wimbo watu wanapotea.

SautiYaNne
Umenigusa pabaya, kaka. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitunga wimbo wake mwaka 1897 na akauandika kwa solfa. Leo tunausimamia kwa heshima, mikono ubavuni, ukiitwa Mungu Ibariki Afrika. Hilo ndilo gongo? Mwanakwaya akibadilishiwa ufunguo anaandikiwa majina mawili ya sauti ileile, la zamani na jipya pamoja, anavuka. Kasome kabla hujadharau watu.

Dada_Alto
Ongeza na hili: anayeimba kwa solfa anaisikia sauti kichwani kabla hajafungua mdomo. Mwenye tablatura anaisikia baada ya kubonyeza. Kwa hiyo Kinubi kuviweka pamoja amekosea, ila kuhusu tablatura namuunga mkono.

MwalimuGitaa_Moro
Jamani, swali lilikuwa gitaa.

BeziYaMtaa
Gitaa la huku kwetu halikupita kwenye karatasi yoyote. Limetembea kwa sikio. Unakaa nyuma ya jukwaa, unamwangalia mpiga solo vidole, usiku unarudi unajaribu. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Katanga mwaka 1952, na mpaka leo wanaoweza kumwiga sawasawa ni wachache. Kilichowaangusha wengine si kukosa nota.

Kinubi
Na nota za Mwenda zipo! Mtafiti David Rycroft alizisikiliza rekodi akaziandika kwa mistari mitano, zikachapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukizisoma unaona besi inakwenda njia yake na sauti za juu zinaingia katikati ya mapigo. Tablatura ya namba tupu ingekuonesha noti inaanza wapi, isingekuonesha besi inashikiliwa mpaka lini.

BeziYaMtaa
Na mistari mitano inakuonesha kwamba vinavyopiga ni gumba na kidole cha shahada tu? Ukitumia vidole vitatu unapata noti zilezile na wimbo unakufa. Ule mvutano wa vidole viwili ndio Mwenda mwenyewe.

Kinubi
Nota za gitaa zina herufi za vidole vya mkono wa kulia na namba ndani ya duara kutaja uzi. Tatizo ni walimu kutozifundisha.

NyuziKumiNaTatu
Ukishaweka namba ya uzi na kidole juu ya kila noti, umerudi kwenye tablatura kwa mlango wa nyuma. Dowland, mpiga luti wa Uingereza, mwaka 1597 alimaliza kesi hii: ukurasa mmoja, mwimbaji ana nota zake na chini yake luti ina tablatura.

Westlands254
Mnamsahau Mwenda wa Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa kwetu, akapiga tangazo la dawa ya Aspro redioni, na wapigaji wengi wa Kenya walimwiga kutoka hapo. Mtindo wa vidole viwili Kenya ulipita kwake.

BeziYaMtaa
Kutoka Katanga, ndugu. Nairobi alikuja akiwa ameshajulikana.

Westlands254
Sijasema alizaliwa Nairobi. Nimesema wapi walimsikia. Wazee wa Magharibi mwa Kenya walikuwa na gumba na shahada yao kabla ya hapo, na hiyo haijaandikwa kwa nota wala kwa tablatura.

BeziYaMtaa
Kabla ya 1952? Lete rekodi.