Kuanza kusoma sayansi ya lishe ukiwa Tanga: chuo cha wananchi, Chuo Kikuu Huria, chuo cha afya au kozi ya mtandaoni?

Mpishi wa Pongwe

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mpishi katika kituo cha kulelea watoto wadogo huku Pongwe. Nilimaliza kidato cha nne nikapata D katika Baiolojia, Kemia, Kiswahili na Jiografia. Kila mwezi watoto wanapopimwa uzito, kuna mzazi anayeniuliza kwa nini mwanawe hanenepi ilhali anakunywa vikombe viwili vya uji wetu kila siku, nami sina jibu ninaloweza kulisimamia. Nimeamua kuisoma lishe kuanzia mwanzo, kama sayansi.

Nimeona njia nne: chuo cha maendeleo ya wananchi (Kiwanda kule Muheza, au Handeni), Chuo Kikuu Huria kupitia kituo chake cha Tanga, chuo cha afya, au kozi ya utangulizi ya lishe inayotolewa mtandaoni na vyuo vya jamii vya Marekani (vyuo vya umma vya miaka miwili). Ninaomba mnilinganishie kwa kuzingatia kwamba nina mtoto wa miaka miwili na sitaki kuacha kazi.

Mwalimu wa Chumbageni

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa ada, kwa sababu njia hizi nne hazitoi kitu kimoja, hata kama zote zina neno lishe katika maelezo yake.

Nianze na kile kinachoitwa utangulizi wa sayansi ya lishe katika vyuo vya jamii vya Marekani, kwa kuwa ndicho kipimo kizuri cha kuyapima mengine. Kwa kawaida ni kozi ya muhula mmoja yenye krediti tatu, na wanafunzi wengi wanaoichukua ni wale wanaojiandaa kusomea uuguzi. Kwa kanuni yao, krediti moja ni saa moja ya darasani na takriban saa mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki kama 15, kwa hiyo krediti tatu ni karibu saa 135 za kazi. Hapa kwetu krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na maana yake ni kwamba kozi hiyo moja ina uzito wa krediti 13 hivi za Tanzania. Mtu anayekuambia kwamba utaimaliza katika wikendi mbili anakuuzia kitu kingine.

Ndani yake utakuta mmeng'enyo wa chakula kuanzia mdomoni hadi utumbo mpana, kisha wanga, protini, mafuta, vitamini, madini, maji, mizania ya nishati (uwiano wa nishati inayoliwa na inayotumiwa na mwili), na mwishoni lishe katika hatua za maisha: ujauzito, uchanga, ujana na uzee. Ukiipitia kozi yoyote ya hapa nchini, chukua orodha hiyo na uulize ni mada zipi zimeguswa na zipi zimerukwa. Mara nyingi kozi fupi za mapishi huruka mmeng'enyo na mizania ya nishati, na hizo ndizo mada zinazojibu swali la wazazi wako.

Kuhusu cheti, uwe na uhakika wa jambo moja. Nafasi za afisa lishe katika halmashauri hutangazwa kwa wenye shahada. Ikiwa lengo lako ni kufika huko, kozi ya utangulizi ni ngazi ya kwanza tu. Ikiwa lengo lako ni kupika vizuri zaidi na kumjibu mzazi kwa uhakika, hesabu inabadilika kabisa.

Binti wa Muheza

Ninakubaliana na Mwalimu kuhusu orodha ya mada, ila ninaona amevipita vyuo vya wananchi haraka mno. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na tangu mwanzo vilikusudiwa mtu mzima mwenye kazi na familia, ambaye hakupata nafasi ya kuendelea na shule. Mafunzo ni kwa Kiswahili, ada yake inabebeka, na hakuna anayekutazama kwa mshangao ukifika umembeba mtoto. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, inayowapokea wasichana na akina mama vijana waliokatisha masomo, vyuo vingi vimeanzisha sehemu za kulelea watoto palepale chuoni. Kwa mwenzetu mwenye mtoto wa miaka miwili, jambo hilo lina uzito sawa na muhtasari wa masomo.

Nilisoma mapishi katika chuo cha aina hiyo. Lishe ilikuwa sehemu ya mafunzo, si somo linalojitegemea. Tulijifunza makundi ya chakula, usafi wa jikoni, namna ya kupika mchicha na matembele bila kuyachemsha hadi vitamini C iishe, na kwa nini chungwa linaloliwa pamoja na maharage husaidia mwili kufyonza madini chuma, wakati chai ya rangi inayonywewa papo hapo huyazuia. Hapa Muheza machungwa yanaoza chini ya miti na bado tuna akina mama wajawazito wenye upungufu wa damu, kwa hiyo somo hilo sikulisahau. Hata hivyo, hatukufika mahali pa kukokotoa nishati ya mlo, na ukitaka hilo itakubidi ulitafute kwingine.

Mwanafunzi wa Huria

Naomba niongezee upande wa Chuo Kikuu Huria, maana nipo huko. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kimejengwa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi. Unajisomea nyumbani na kufanya mitihani katika kituo cha mkoa. Kina shahada ya sayansi inayohusu chakula na lishe, ambayo ndiyo itakayokufikisha kwenye nafasi alizozitaja Mwalimu. Ila kwa matokeo ya kidato cha nne pekee huwezi kuingia moja kwa moja. Utahitaji kwanza sifa linganishi, yaani cheti kingine kinachokubaliwa badala ya kidato cha sita, na ni vyema uende kituoni na vyeti vyako wakueleze njia inayokufaa. Lugha ni Kiingereza, na kemia ya kule ni nzito. Ninayasema haya kwa sababu nimewaona watu wenye ari kubwa wakijiandikisha masomo mengi kwa mpigo katika mwaka wa kwanza, huku wakifanya kazi za kutwa, kisha wakashindwa kuendelea. Kujisomea bila mwalimu wa kukusimamia kunahitaji ratiba ya saa za alfajiri ambayo familia nzima imeikubali.

Chuo cha afya nisingekishauri kwa lengo lako. Alama zako zinakaribia sifa za kawaida za kuingilia, yaani D nne zikiwemo Baiolojia, Kemia na, kwa kozi nyingi, Fizikia, lakini stashahada huchukua miaka mitatu ya kutwa, na katika uuguzi lishe ni moduli moja kati ya nyingi.

Nesi Mstaafu, Bombo

Mwanangu wa Pongwe, nimesoma swali lako na ninataka kulijibu lile la mzazi kwanza, kwa sababu ndilo litakaloonyesha ni kozi ya namna gani unayoihitaji.

Chukua gramu 100 za unga wa mahindi. Zina nishati ya kilokalori 360 hivi. Ukizipika katika lita moja ya maji utapata vikombe vinne na kidogo vya robo lita, kwa hiyo kila kikombe hakifiki kilokalori 90. Vikombe viwili havifiki 180. Mtoto wa miaka miwili hadi mitatu anahitaji karibu 1,000 au zaidi kidogo kwa siku, na tumbo lake ni dogo. Maana yake ni kwamba amekunywa akashiba maji, na bado hajapata hata sehemu moja ya tano ya mahitaji yake. Sasa tia kijiko kidogo cha mafuta ya kula katika kikombe kimoja. Ni gramu nne na nusu, na kila gramu ya mafuta ina kilokalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Umeongeza kama 40, na kikombe kile kile kimekaribia 130 bila kuongeza ujazo.

Njia ya pili ni kimea, yaani nafaka iliyooteshwa. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe iliihimiza sana. Nafaka ikiota, inatengeneza kimeng'enya cha amilesi kinachokata minyororo ya wanga, hivyo uji ulioupika mzito, wenye unga maradufu, unalainika na kunyweka ukitia kijiko cha unga wa kimea. Sharti ni kwamba uji upoe kidogo kabla ya kukitia, kwa kuwa moto mkali huua kimeng'enya, kisha uurudishe jikoni uchemke kidogo kwa usalama wa mtoto. Ukitumia mtama, ondoa machipukizi na mizizi yake yote kwa kuisugua, kwa kuwa ina sianidi. Ndiyo sababu wengi tulipendelea ulezi.

Kozi yoyote itakayokufikisha mahali pa kuifanya hesabu hiyo wewe mwenyewe, kwa sufuria yako na unga wako, ndiyo kozi unayoitafuta. Itakayokupa picha ya sahani yenye rangi tano na kukuacha hapo haitoshi.

Na usidhani kwamba elimu hii ni ya ng'ambo peke yake. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990, na ambao leo unafundishwa duniani kote, ulichota mengi kutoka mradi wa lishe wa Iringa wa miaka ya 1980. Uzito wa watoto ulipimwa na wanakijiji wenyewe, na sababu zikajadiliwa kwenye vikao vyao.

Mwana Bagamoyo

Ninaandika kutoka Bagamoyo, na ile kozi ya mtandaoni ya chuo cha jamii cha Marekani niliisoma hadi mwisho, kwa hiyo nieleze lililomo. Zoezi kubwa lilikuwa kuandika kila nilichokula na kunywa kwa siku tatu, pamoja na vipimo vyake, kisha kukiingiza katika programu ya kompyuta inayochambua virutubishi na kuandika ripoti ya upungufu na ziada. Zoezi hilo ndilo lililonifundisha kuliko mihadhara yote. Tatizo lilikuwa kwamba programu yao iliwajua vizuri samaki wa salmoni na maziwa ya mlozi, lakini haikuwa na kisamvu cha nazi, wala dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, ambao ndio chanzo kikubwa cha kalisi (kalsiamu) katika mlo wangu. Nilitumia jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008, nikawa ninaingiza namba kwa mkono. Mkufunzi alilikubali.

Kuhusu ada, angalia kwa makini, maana asiye mkazi wa jimbo la chuo hutozwa zaidi sana kuliko mkazi. Na krediti zake zimekusudiwa kuhamishiwa vyuo vikuu vya huko. Hapa nyumbani usitegemee kwamba zitakupunguzia masomo bila mamlaka husika kuzitathmini. Lakini vitabu huria vya kozi hizo vinapatikana bure mtandaoni, na mtu mwenye Kiingereza cha wastani anaweza kuvisoma bila kujiandikisha popote. Kwa maoni yangu, kulipa ada ya kigeni kwa maudhui yanayopatikana bure, na kwa cheti ambacho mwajiri wa Tanga hatakiuliza, si matumizi mazuri ya mshahara wa mpishi.

Mwalimu wa Chumbageni

Ninaunga mkono hoja ya Mwana Bagamoyo kuhusu vitabu huria, ila ninapinga wazo la kujisomea peke yako. Kemia ya mafuta na ya protini ni rahisi kuisoma na kudhani umeielewa. Ukiulizwa kwa nini mahindi na maharage vikiliwa pamoja hutoa protini iliyo bora kuliko kila kimoja peke yake, utajibu kwamba vinasaidiana. Lakini jibu kamili ni kwamba mahindi yana upungufu wa asidi amino ya lisini, maharage yana upungufu wa methionini, na kila kimoja kina kile ambacho mwenzake amepungukiwa. Bila mtu wa kukusahihisha, utabaki kwenye jibu la kwanza.

Mpishi wa Pongwe

Shikamoo Mama Nesi, na ninawashukuru nyote. Ile hesabu ya uji nimeirudia jioni hii kwa kibaba tunachotumia kituoni, na unga wetu ni mchache hata kuliko gramu 100 kwa lita. Kesho nitazungumza na mkuu wa kituo kuhusu mafuta na kimea.

Nimeamua kuomba nafasi ya mapishi katika chuo cha wananchi kwa muhula ujao, na wakati huohuo nisome kitabu huria cha utangulizi, sura moja kwa wiki. Mwalimu, je, ungekuwa tayari kunisahihisha mazoezi? Na Binti wa Muheza, mtoto anapokelewa tangu umri gani?

Mwalimu wa Chumbageni

Niko tayari. Anza na sura ya mmeng'enyo, na uniletee maelezo yako ya safari ya tonge la bada (ugali wa muhogo) na samaki, kuanzia mate hadi utumbo mwembamba, ukitaja kila kimeng'enya na kinachokatwa nacho.

Binti wa Muheza

Wa miaka miwili wanapokelewa nilikosoma mimi, lakini kila chuo kina utaratibu wake, kwa hiyo piga simu ofisini kabla ya kujaza fomu. Nenda na kadi yake ya kliniki.