Leza ya macho na mpango wa kuzaa, kipi kianze?

Mvaa_Miwani
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri hasa kwa waliopitia hii kitu. Navaa miwani tangu shule ya msingi, mbali sioni kabisa, usiku nikiivua ndo basi tena naanza kupapasa pembeni ya kitanda. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho nazo macho yanakauka na kuwasha, siwezi kuzivaa kila siku. Nimeshaweka hela pembeni nataka nifanye leza niachane na miwani. Tatizo mimi na mume wangu tumepanga kuanza kutafuta mtoto. Dada mmoja kazini ananiambia ukibeba mimba namba za miwani zinarudi zote hela imeenda na maji, mwingine anasema ile mionzi inagusa kizazi, halafu shangazi yangu naye anasema mwenye macho kama yangu akisukuma wakati wa kujifungua anaweza kupofuka kwa hiyo nifanye haraka kabla ya mimba. Nimechanganyikiwa jamani, nifanye sasa au nizae kwanza?

MamaWawili
Mdogo wangu mimi nilizaa kwanza na sijutii. Mimba ya pili nilianza kuona ukungu na miwani ile ile, daktari wa macho akaniambia nisibadilishe miwani kwanza, mwili wa mjamzito unatunza maji na konea (kile kioo cha mbele cha jicho) inavimba kidogo, mkunjo wake unabadilika na namba zinacheza. Kweli nilipomwachisha mtoto ziwa zikarudi zilivyokuwa. Sasa leza inachonga konea hiyo hiyo kwa vipimo vya siku ile uliyopimwa, ukifanya ukiwa mjamzito ni sawa na kushonewa gauni la harusi na mimba ya miezi saba, fundi atakata vizuri tu ila vipimo sio vyako. Ila sikufichi, kunyonyesha na miwani kunachosha, mtoto akishajua kushika kitu cha kwanza kuvuta ni miwani, yangu ilikatika mkono mara nyingi tu 😅

Mpima_Macho
Nafanya kazi kliniki ya macho ngoja niongezee. Hiyo ya mionzi na kizazi ondoa kabisa kichwani, leza inayochonga konea ni mwanga wa nanomita 193, unaishia palepale juu ya konea, hata lenzi ya ndani ya jicho haufiki seuze tumbo. Wajawazito hatuwafanyii kwa sababu mbili, moja ndo hiyo ya vipimo kucheza, ya pili ni dawa: matone ya antibayotiki, matone ya steroidi na wengine vidonge vya kutuliza, hizo hatutaki mtoto azipate tumboni wala kwenye maziwa bila sababu ya lazima. Macho ya mjamzito na anayenyonyesha pia hukauka, na leza yenyewe inakausha kwa sababu inakata mishipa midogo ya fahamu ya konea, ukijumlisha hivyo viwili mtu anateseka.

Namba kurudi zote sio kweli. Kilichochongwa hakioti upya. Mimba inaweza kuzisogeza kidogo halafu mara nyingi zinatulia zenyewe baada ya kunyonyesha. Wapo wachache wanaorudi nyuma kidogo hasa waliokuwa na minasi kubwa (namba kubwa za kutoona mbali), lakini hao wapo hata ambao hawajawahi kubeba mimba.

Na mwambie shangazi kwa heshima zote kuwa kutoona mbali peke yake sio sababu ya kuzuiwa kusukuma wala kupasuliwa. Tena leza haigusi retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), jicho la mtu asiyeona mbali ni refu na linabaki refu hata baada ya leza, na retina yake inaweza kuchanika, kwa hiyo ukiona vimulimuli au kama pazia jeusi linashuka wahi hospitali, umefanya leza au hujafanya.

Nuru_Tele
Mimi nilifanya kabla ya mimba, aina ya leza inayoitwa PRK sio LASIK. Wanakwangua ngozi ya juu ya konea badala ya kukata kifuniko kama LASIK, siku za mwanzo ni machozi na maumivu mwanga hutaki hata kuusikia, na matone ya steroidi nilitumia muda mrefu. Daktari alinisisitiza nisishike mimba mpaka dawa ziishe na namba zitulie, nikakaa na uzazi wa mpango. Sasa hivi nanyonyesha na naona vizuri, ukavu tu ndo upo, natumia machozi ya bandia.

Mvaa_Miwani
Asanteni sana mmenitoa gizani. Kwa hiyo nikifanya sasa nisubiri muda gani? Na nikizaa kwanza?

Mpima_Macho
Ukifanya sasa wengi wanashauri miezi 3 mpaka 6 kabla ya kushika mimba, PRK usogee kwenye 6. Ukizaa kwanza, malizia kunyonyesha, subiri kama miezi 3 hivi upimwe, urudi tena upimwe, vipimo vikifanana ndo tunaongea. Kwa vyovyote namba za miwani zisiwe zimebadilika zaidi ya 0.5 ndani ya mwaka. Kama umri au afya inawasukuma kuhusu mtoto mimi ningesema mtoto kwanza, leza itakusubiri, na kama mna nafasi ya kusogeza mbele kidogo basi fanya sasa. Kingine, kama unameza isotretinoini kwa ajili ya chunusi sema mapema, inakausha macho na kwa mimba ni hatari kubwa.

Na hii muhimu kuliko zote, ukishakuwa mjamzito wa wiki 20 na zaidi ukaona ukungu wa ghafla au vimulimuli pamoja na kichwa kuuma sana usije kwetu kupima miwani, nenda hospitali wakupime presha saa hiyo hiyo, inaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja.

Mvaa_Miwani
Nimekuelewa kaka. Nina miaka 34, nimeongea na mume wangu tunaanza na mtoto. Je nikapime konea sasa hivi ili nijue kama nafaa kabisa?

Mpima_Macho
Ndiyo kapime, maana kama konea ni nyembamba au ina dalili ya kuchongoka leza hufanyiwi hata uzae wangapi, na konea ya hivyo tunapenda kuifuatilia wakati wa mimba. Lenzi laini usizivae wiki 2 kabla ya kipimo, zile ngumu wiki 4.