Naomba ushauri: dawa ya maumivu baada ya upasuaji, tramadol inamsumbua mama

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Mama yangu, tuko hapa Dodoma, anasubiri upasuaji wa ngiri. Tramadol humtapisha na kumpa kizunguzungu kikali. Diklofenaki kakatazwa, ana vidonda vya tumbo. Paracetamol peke yake naogopa haitatosha.

Nimesoma kuhusu dawa ya maumivu iitwayo suzetrigine, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2025. Haimo kundi la morfini. Huzuia ishara ya maumivu kwenye neva kabla haijafika kwenye ubongo. Ila majaribio yake makubwa yalihusu upasuaji wa kidole gumba cha mguu na wa kupunguza ngozi ya tumbo, si ngiri. Maduka ya dawa niliyoulizia mjini hawaijui.

Je, imesajiliwa na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania)? Kama bado, nimwombe daktari wa usingizi sindano ya ganzi eneo la kidonda, au kuna njia nyingine salama kwa mwenye vidonda vya tumbo?